Storeji si diski: maneno ya meinifremu kwa aliyezoea Linux na Windows

Siku yangu ya pili kwenye timu ya meinifremu, zile kompyuta kubwa za kutumiwa na wengi kwa pamoja, mzee mmoja aliyezeekea kwenye mashine hizo aliniuliza, "Kijana, hiyo kazi yako inataka storeji kiasi gani?" Nikajibu bila kusita: gigabaiti mia tano, na ikipungua tutaongeza. Mzee akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena, ndipo akacheka. "Storeji, mwanangu, ni kumbukumbu. Unachokitaka wewe ni dazdi." Ndivyo wanavyotamka DASD, yaani diski.

Nilikuwa nimeomba RAM ya gigabaiti 500 kwa ajili ya kazi ya kupanga faili moja la mauzo.

Nilifika pale nikiwa na miaka minane ya Linux kichwani, na hofu yangu ilikuwa vifupisho: IPL, JES, VTOC, RACF, DASD. Kumbe vifupisho havina shida. Usichokijua unakiuliza, unaandika pembeni, yameisha. Kinachomwangusha mgeni ni maneno anayodhani anayajua. Katalogi, memba, terminali, ekziti, rijeni: yote ukiyasikia unaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yanaendelea dakika kumi kabla ya mmoja wenu kugundua kwamba mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Hapa nitakaa na z/OS, mfumo endeshi wa IBM, kwa sababu mtu akitaja meinifremu leo mara nyingi huo ndio anaoukusudia. Ukoo wake ni mrefu. IBM ilitangaza System/360 tarehe 7 Aprili 1964 pamoja na mfumo wa OS/360; mwaka 1974 ikaja MVS, baadaye OS/390, na z/OS ikaanza kutumika mwaka 2001. Wazee bado wanaiita MVS, na hawakosei sana. Programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya mashine za miaka ya 1960 na 1970 inaweza kukimbia leo bila kuguswa, na msamiati nao umebaki vilevile.

Kwetu wengi msamiati huo ulitupita pembeni. Tanzania, kwa mfano, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na wengi wa rika langu walikutana na kompyuta ikiwa tayari ni kiboksi cha mezani cha mtu mmoja. Meinifremu haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa chombo kimoja cha ghali kinachogawanywa na mamia ya watu, na kila dakika ya matumizi ilikuwa na wa kuilipia. Ndiyo maana inataka useme mapema: unahitaji nini, kiasi gani, kwa muda gani, na ukimaliza kirudishwe wapi. Linux inakuacha uanze kuandika halafu itajua mbele ya safari. z/OS ni kama mpishi wa shughuli, hawashi moto kabla hujamwambia wageni ni wangapi.

Mashine, vipande vyake na kumbukumbu yake

Kuwasha mfumo huku hakuitwi kubuti. Kunaitwa IPL, kupakia programu ya mwanzo, na watu wamelifanya kitenzi: "jana usiku tumei-IPL." Ukisikia hivyo jua ni tukio lililopangwa wiki kadhaa kabla, lenye mkutano na orodha ya wahusika. Si kitu cha kujaribu kwa sababu programu imeganda.

Mashine yenyewe hugawanywa katika LPAR. Ukitoka kwenye ulimwengu wa mashine pepe, LPAR ni mashine pepe, ila anayegawa vipande hivyo ni sehemu ya mashine yenyewe, si programu uliyoisakinisha juu yake. LPAR moja inaweza kubeba z/OS ya malipo, ya pili z/OS ya majaribio, ya tatu Linux. LPAR kadhaa za z/OS, hata zikiwa kwenye mashine tofauti, zikiunganishwa zifanye kazi kama mfumo mmoja huitwa sispleksi. Linalofanana nalo kwako ni klasta.

Kiini cha kichakataji huitwa injini. Injini za kawaida ni CP. Zipo pia IFL, zinazokimbiza Linux, na zIIP, zinazobeba aina fulani tu za kazi. Mgeni hudhani hizi ni chipu tofauti. Ni chipu ileile, imefungiwa au kufunguliwa kwa maandishi ya mkataba. Ada nyingi za programu za meinifremu hupigwa kwa kipimo kiitwacho MSU, kinachotokana na uwezo wa CP uliotumika, na kazi iliyohamia zIIP haiingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ukimsikia fundi anafurahi kwamba kazi "imekwenda zIIP", hafurahii kasi. Amepunguza bili.

Kumbukumbu ndiyo storeji, kama nilivyofundishwa kwa aibu. Wenye umri zaidi huiita koo, kutokana na vipete vidogo vya sumaku vilivyotunza biti zamani. Utasikia pia "chini ya mstari" na "juu ya nguzo". Mstari ni mpaka wa megabaiti 16, mwisho wa anwani za biti 24 za mashine za awali. Nguzo ni gigabaiti 2. Kwa nini 2 na si 4, kama kwenye Windows ya biti 32? Kwa sababu kati ya mstari na nguzo mashine hizi zilitumia anwani za biti 31. Biti moja iliyobaki ilishatengwa kwa alama nyingine. Programu ya kale ikikwambia haina nafasi chini ya mstari huku mashine ina RAM ya kumwaga, usianze kuitukana. Inatafuta nafasi katika megabaiti 16 za kwanza na kwingine haijui kwenda.

Dataseti: jina lenye nukta lisilo na folda

Hapa ndipo mgeni hupotea siku nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faili huku ni dataseti. Jina lake huandikwa hivi: JUMA.MAUZO.MACHI. Kila kipande hakizidi herufi nane, jina zima halizidi herufi 44, na hakuna herufi ndogo. Ukitoka Linux, jicho lako litaona folda JUMA, ndani yake MAUZO, ndani yake MACHI. Hakuna folda. Hilo ni jina moja refu, na nukta ni sehemu ya jina. Huwezi "kuingia" ndani ya JUMA.MAUZO. Kipande cha kwanza ndicho chenye uzito, kwa sababu ndicho kinachoamua dataseti ni ya nani na sheria zipi za usalama zinaigusa. Mwisho wa jina nao hauna maana ya .txt au .csv. Watu huandika COBOL (lugha ya programu) au JCL (tutaifikia) mwishoni kwa mazoea tu.

Sasa dataseti hiyo iko wapi? Diski huitwa voliyumu, na kila voliyumu ina jina la herufi sita. Ndani ya voliyumu kuna VTOC, orodha ya vilivyomo humo. Nje yake kuna katalogi, inayosema dataseti fulani iko voliyumu fulani. Vitabu hivi ni viwili na vinaweza kutofautiana. Dataseti inaweza kuwapo kwenye diski, nzima na data yake, lakini katalogi haina habari nayo. Mfumo utakuapia kwamba hakuna kitu kama hicho. Niliwahi kutangaza msiba wa faili ambalo lilikuwa limelala salama salimini, halikuandikishwa tu.

Ipo aina ya dataseti inayofanana kidogo na folda: PDS, ambayo watu huiita laibrari. Ndani yake kuna memba, kila mmoja na jina lisilozidi herufi nane, na huandikwa kwenye mabano: JUMA.KODI.COBOL(MALIPO). Lakini ni folda ya ngazi moja tu, na ina tabia ya kale: ukifuta memba au ukimhifadhi upya, nafasi yake ya zamani hairudi. Inabaki shimo. Laibrari ikijaa mashimo unaibana, na kuna amri maalumu ya kazi hiyo. Mrithi wake, PDSE, hujisafisha mwenyewe, lakini laibrari za zamani bado zimejaa kila mahali.

Kisha kuna vizazi. Ukitaka kutunza mauzo ya kila siku bila kubuni majina, unaunda kundi la vizazi, kisha unaita JUMA.MAUZO.SIKU(0) kwa toleo la sasa, (-1) kwa la jana, (+1) kwa linalozaliwa sasa. Mfumo unayapa majina ya kweli wenyewe, yanayoishia na G0147V00 na mfano wa hayo. Hili nalipenda. Skripti ngapi nimeandika kwenye Linux za kufanya hivihivi, vibaya zaidi.

Na nafasi? Hapa unaiomba kabla. Unaiomba kwa silinda au traki, vipimo vya diski ya duara iitwayo 3390 iliyotoka mwaka 1989. Traki moja ni baiti 56,664, silinda moja ni traki 15. Diski zenyewe za 3390 zilishaondoka. Leo kilichomo kabatini ni hifadhi ya kisasa inayojifanya 3390, kwa sababu kuna programu nyingi mno zinazotarajia kuikuta. Ukiomba silinda 10 za kwanza na 5 za nyongeza, mfumo utakupa 10, kisha 5 kila zinapojaa, hadi nyongeza 15 kwenye voliyumu moja. Piga hesabu: silinda 85. Ukifika hapo kazi inakufa na alama SB37. Mgeni hukimbilia kuangalia diski, anakuta nafasi ipo tele, anachanganyikiwa. Diski haikujaa. Umemaliza ulichoomba. Kwenye Linux, faili la mmoja likivimba linaweza kuangusha seva nzima. Huku anayekosea hesabu huanguka peke yake, na jirani zake hawajui.

Lazima useme pia umbo la rekodi. RECFM=FB, LRECL=80 maana yake rekodi zina urefu sawa, baiti 80 kila moja, zimefungwa katika bloki. Hakuna alama ya mwisho wa mstari. Mstari unaisha kwa sababu baiti 80 zimetimia. Na 80 imetoka wapi? Kadi za kutoboa za IBM, tangu mwaka 1928, zilikuwa na safu 80.

Kazi, na fomu ya kuiombea

Kwenye Linux unaandika amri, inakimbia. Kwenye z/OS shughuli nyingi za maana huenda kama kazi ya bechi: unaandika maombi, unayapeleka, unasubiri zamu. Maombi huandikwa kwa JCL, ambayo si lugha ya programu bali ni fomu. Tazama:

//MALIPO   JOB (1234),'MAUZO',CLASS=A,MSGCLASS=X
//HATUA1   EXEC PGM=IEFBR14
//FAILI    DD DSN=JUMA.MAUZO.MACHI,
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
//            SPACE=(CYL,(10,5)),UNIT=SYSDA,
//            RECFM=FB,LRECL=80

Mistari ya aina tatu tu. JOB ni nani anaomba, na hiyo namba kwenye mabano ni akaunti ya kulipia. Ndiyo kitu cha kwanza anachoulizwa mtu. EXEC ni programu gani ikimbie. DD ni vyombo ambavyo programu hiyo itavihitaji. Programu yenyewe haijui jina la dataseti. Inajua jina FAILI peke yake, na DD ndiyo inayounganisha. Programu ileile ya COBOL itasoma Machi leo na Aprili kesho bila kubadilishwa herufi moja.

DISP huwatisha wengi, na mimi niliielewa siku nilipokumbuka mama mmoja mtaani kwetu anayekodisha masufuria ya harusi. Kabla hajakupa anauliza matatu: unachukua lipi, ukimaliza salama linarudi wapi, na likiharibika inakuwaje. DISP=(NEW,CATLG,DELETE) ni majibu ya maswali hayo. Dataseti ni mpya. Kazi ikiisha vizuri iandikishwe kwenye katalogi. Kazi ikifa katikati, ifutwe. Ukiandika SHR badala ya NEW, unasoma pamoja na wengine. Ukiandika OLD, umejifungia nayo peke yako na wengine wote wanakungoja mlangoni, hata kama ulitaka kuchungulia tu. Usiandike OLD kwenye laibrari ya watu wote mchana. Watakutafuta kwa jina.

Ukishapeleka, kazi hupokelewa na JES na kuwekwa kwenye spuli, ghala la kazi zinazongoja na matokeo ya zilizokwisha. Kwa mtu wa Linux spuli ni habari ya printa. Huku ni moyo wa mfumo. Wapokeaji waitwao inishieta huchukua kazi kwa madaraja, ile CLASS=A, na inishieta zote za daraja lako zikiwa na shughuli, unangoja. Kazi ikiisha, matokeo yanabaki spuli, na unayasoma kwa SDSF. Fungua kwanza JESMSGLG, halafu JESYSMSG. Humo kila hatua imeandikiwa namba ya kurudi: 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 na kuendelea ni matatizo.

Kwenye COND, sharti la kuruka hatua, sina la kuitetea. COND=(4,LT) husomwa hivi: ikiwa 4 ni ndogo kuliko namba iliyorudi, hatua hii irukwe. Yaani unaandika sharti la kutofanya, tena kinyumenyume. Siku hizi kuna IF na THEN ndani ya JCL. Zitumie, lakini jifunze COND, kwa sababu JCL utakazozirithi zimejaa COND.

Kufa vibaya, na baiti zilizobadilika njiani

Programu ikianguka huku huitwa abendi, kufa kabla ya wakati. Alama yake ikianza na S, mfumo ndio ulioiua. Ikianza na U, programu imejiua kwa hiari. S806: programu uliyoitaja haikupatikana. S322: muda ulioomba umekwisha. S222: opereta amekukata. S0C4: umegusa kumbukumbu isiyo yako, ndugu wa lile kosa la sehemu (segmentation fault) la Linux. Na S0C7, maarufu kuliko zote: umeambiwa ufanye hesabu kwa kitu ambacho si namba.

Kuielewa S0C7 inabidi ujue mambo mawili. La kwanza, herufi huku hazihifadhiwi kwa ASCII bali kwa EBCDIC. A kubwa ni C1 huku, kwingine ni 41. Kupanga kwenyewe ni tofauti: ASCII hutanguliza tarakimu, kisha herufi kubwa, kisha ndogo, EBCDIC hutanguliza herufi ndogo, kisha kubwa, tarakimu mwisho. Tena alfabeti yake ina mapengo: I ni C9 na J ni D1, kwa hiyo ile hila ya kuongeza moja upate herufi inayofuata itakuaibisha.

La pili, fedha mara nyingi huhifadhiwa kama desimali iliyofungashwa: tarakimu mbili kila baiti, na nusu ya mwisho ni alama ya chanya au hasi. Kiasi cha 12,345 kinakuwa baiti tatu: 12 34 5C. Hiyo C ni chanya.

Sasa kosa langu. Nilichukua faili la majaribio lenye viasi vya fedha tupu, nikalivuta hadi Linux kwa mtindo wa matini, mtindo ambao hugeuza EBCDIC kuwa ASCII njiani. Skripti yangu ikaondoa alama za mwisho wa mstari, nami nikalirudisha kwa mtindo wa baiti mbichi, nikijiona fundi. Kigeuzi hakijui fedha, kinaona herufi. Kiasi cha 67,891, yaani 67 89 1C, kilirudi kikiwa C5 69 1C. Hiyo C ya mwanzo si tarakimu, mashine ikakataa, S0C7, kazi ikafa. Vizuri. Lakini 12,345? Zile 12 34 5C zilirudi 12 94 2A. Na A pia ni alama halali ya chanya. Mashine ikasoma 12,942 bila kulalamika hata kidogo.

Ningekuwa na rekodi za aina ya pili tupu, kazi ingeisha na namba 0 na hesabu za uongo. Abendi ndiyo iliyonikomboa. Faili lenye desimali zilizofungashwa halisafirishwi kama matini. Ligeuze kwanza hukohuko liwe tarakimu za kawaida, ndipo ulitoe.

Maneno mengine ya kukupotosha

Terminali ya 3270, iliyotoka mwaka 1971 na leo ni dirisha kwenye kompyuta yako, si terminali ya Linux. Unavyobofya, meinifremu haioni herufi yoyote hadi ubonyeze Enter au kitufe cha F. Ndipo yote uliyoandika yanaondoka kwa mkupuo. Umeshakutana nayo kwa sura nyingine: ni fomu ya tovuti yenye kitufe cha kutuma. Ukiandika mahali pasiporuhusiwa kibodi inafunga, alama ya X inatokea chini, na hakuna kitakachofanya kazi hadi ubonyeze Reset. Kitufe hicho kitafute kabla ya yote, kwa sababu kwenye kibodi za leo kila programu imekificha pake. F3 ni kutoka, F7 ni juu, F8 ni chini.

Ukiingia na jina lako uko TSO, ambayo ni kama sheli, na juu yake kuna ISPF, menyu na mhariri ambamo utaishi. Mchakato wa Linux huku huitwa nafasi ya anwani, na uzi wake ni taski. Huduma inayokaa nyuma siku zote huitwa taski iliyoanzishwa. Opereta huianzisha kwa S, huisimamisha kwa P. Rijeni ni kiasi cha storeji unachoiombea kazi, lakini rijeni ya CICS, programu ya kuhudumia miamala, ni nafasi nzima ya anwani. Waingereza hutamka CICS "kiks", Wamarekani hutaja herufi moja moja. Ekziti si kutoka; ni mlango ulioachwa ndani ya mfumo ili taasisi ichomeke msimbo wake. Enkyuu haimaanishi kupanga foleni ya ujumbe, ni kufuli. Sysprog haandiki programu za biashara. Ndiye msimamizi wa mfumo. Na /etc yako ni SYS1.PARMLIB.

Root usimtafute. Usalama uko kwa RACF, iliyotoka mwaka 1976, na mamlaka yamegawanywa: mwenye SPECIAL anasimamia watumiaji na sheria, mwenye OPERATIONS anahudumia data, mwenye AUDITOR anawachungulia wote. Huko ndiko kutakuchelewesha wiki ya kwanza, maana kila ruhusa ina mwenyewe, na mwenyewe yuko likizo.

Ukitaka kujaribu bila kumwomba mtu, IBM ina mafunzo ya bure mtandaoni yaitwayo Z Xplore yenye z/OS ya kweli. Kuna pia Hercules, programu ya bure inayoigiza mashine hizi juu ya kompyuta yako, na watu huiendesha na MVS 3.8, toleo la kale lisilodaiwa leseni.

Kazi ya kwanza iwe ile JCL ya juu, labda kwa jina lako badala ya JUMA. Programu yake, IEFBR14, haifanyi chochote. Ipo ili mistari ya DD ifanye kazi: dataseti inaundwa kwa sababu umeiomba, programu inaitwa, inarudi, basi. Mwanzoni ilikuwa amri moja, BR 14, maana yake "rudi ulikotoka". Ikaonekana ina kasoro: haikusafisha mahali pa namba ya kurudi, kwa hiyo ilirudi na takataka zozote ilizozikuta pale, na kazi ilionekana imeshindwa. Ikaongezwa amri ya pili ya kuweka sifuri. Kutoka baiti mbili ikawa baiti nne, yaani marekebisho yake ya kwanza yaliikuza maradufu.